Upande wa Mfupi

Fundi wa meno ya bandia alikuwa na miezi minne ya ndoa mumewe alipopata mkataba wa kazi ng'ambo, mwaka na nusu kwenye mitambo ya kuchimba visima. Walishauriana wakaona aende. Hata hajazoea kupika chakula cha mtu mmoja, ikaja simu: baba mkwe kateleza bafuni, nyonga imevunjika, yuko hospitali.

Mumewe hakuwa na kaka wala dada. Mama mkwe naye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya harusi, fundi hakuwahi kumtia machoni. Kwa hiyo mzee aliporuhusiwa kutoka, ana vyuma kwenye nyonga na fremu ya kutembelea mbele yake, hapakuwa na cha kujadili. Fundi alihamia kwake.

Shida ilianza hapo, na shida yenyewe ilikuwa adabu. Hawa watu wawili walikuwa wameonana mara tano katika maisha yao, na mara zote tano palikuwa na umati. Sasa wamebaki wao na kuta. Mzee aliona haya kuomba maji, akawa anangoja mpaka aulizwe. Fundi aliona haya kuuliza kila saa, akawa anapitapita mlangoni anakohoa. Chakula kikipakuliwa, mzee anasema, "Karibu, mama, anza." Fundi anasema, "Hapana, baba, nakusubiri wewe." Kinapoa wanaangaliana. Mumewe akipiga simu kuuliza wanaendeleaje, kila mmoja alimsifu mwenzake kama anavyosifiwa mgeni rasmi.

Mzee alikuwa gadi wa treni ya mizigo kwa miaka thelathini na moja, yaani yule mtu anayepanda behewa la mwisho kabisa na bendera zake mbili, kazi yake kuangalia treni nzima kwa nyuma isije ikakatika au ikawaka moto. Mtaa mzima ulimwita Gadi, hata waliozaliwa baada ya yeye kustaafu.

Siku moja mchana mvua ilishuka ghafla, Gadi yuko sebuleni anafanya mazoezi ya mguu na muuguzi wake. Fundi alikimbia kufunga madirisha, akaingia mpaka chumba cha nyuma, ambacho mlango wake ulikuwa haufunguliwi. Akasahau dirisha.

Chumba kizima kilikuwa meza. Juu yake palikuwa na reli nyembamba kama kamba za viatu, vilima vya plasta, stesheni yenye paa la bati lililokunjwa kwa mkono, na treni. Mabehewa yalikuwa zaidi ya thelathini, kila moja refu kama kiganja, yamechongwa kwa mbao laini na bati la makopo: ya makaa, ya saruji, ya ng'ombe, ya mafuta. Milango ilifunguka. Kila ribiti, vile visumari vya kuungia bati, ilikuwa mahali pake, ndogo kama punje ya sukari. Na yote yaling'aa, mekundu, ya kijani, ya buluu, kama peremende zilizotoka kwenye karatasi sasa hivi.

"Nilianza wiki niliyostaafu," sauti ya Gadi ilisema nyuma yake. Alikuwa ameegemea fremu mlangoni, anahema. "Ni mwaka wa tisa huu."

"Samahani, baba, nilikuja kufunga dirisha."

"Lifunge, basi." Fundi akalifunga. "Sasa umeshaona, sema. Wengine wote wananiambia nzuri, nzuri, halafu wanaomba chai. Wewe mwenzangu ni mtu wa mikono. Sema ukweli."

Laiti angesema nzuri. Lakini alikuwa ameulizwa kifundi, naye akajibu kifundi, ulimi ukamtangulia. "Ni mazuri mno, baba. Ila yanafanana na meno ya bandia siku ya kwanza."

Gadi alikunja uso. "Maana yake nini?"

"Mtu akija kutengenezewa meno, anataka meupe pee, yote sawasawa kama vigae vya bafuni. Ukimpa hayo, kila anayemwona anajua si yake. Jino la kweli limekunywa chai, limetafuna, lina ufa mwembamba, karibu na fizi lina unjano. Mimi kazi yangu nusu yake ni kuyachafua. Nikishayachafua vizuri watu hawayaoni tena. Wanamwona mtu."

Gadi aligeuza fremu yake polepole, akarudi sebuleni. Fundi alibaki akitamani angejing'ata ulimi kwa meno yake mwenyewe, ambayo kwa bahati mbaya hayakuwa ya bandia.

Siku mbili zilipita. Asubuhi ya tatu alikuta kando ya kikombe chake behewa la makaa, jekundu, linang'aa.

"Hilo niliukosea mlango," Gadi alisema bila kumtazama. "Likiharibika halitaniuma. Lichafue tuone."

Aliporudi kutoka kazini jioni ile, fundi alikuja na vifaa vyake: brashi zenye nywele tano sita, sahani ndogo za kuchanganyia, vipande vya sponji, chaki za rangi. Alikaa kwenye meza ya jikoni penye mwanga. Kwanza alilipaka behewa vanishi isiyong'aa, ule mng'ao wa peremende ukafa. Kisha akazimua rangi ya kahawia mpaka ikawa nyepesi kama chai isiyo na maziwa, akaiachia itiririke yenyewe kwenye maungio na kuzunguka ribiti, na kabla haijakauka akaipangusa kwa kitambaa kutoka juu kwenda chini, jinsi mvua inavyoshuka. Akachovya sponji kwenye rangi ya kutu, akaigongagonga kwenye gazeti mpaka ikawa karibu kukauka, ndipo akaigusisha kwenye ubavu wa behewa, tap, tap, yakatokea madoa kama rangi imebanduka. Mwisho alisaga chaki nyeusi kwenye msasa, akalipuliza vumbi lake ndani, yalipokaa makaa.

Gadi alilipokea behewa kwa mikono miwili. Alilizungusha, akalisogeza karibu na miwani, akalisogeza mbali. Fundi alijikaza asiulize.

"Hili nimelipanda," mzee alisema mwishowe. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha taratibu kilichomtikisa mabega. "Lakini mama, hapa umenidanganya. Umeweka kutu katikati ya ubavu. Kutu haianzi katikati ya ubavu, imekosa nini huko? Inaanza maji yanapolala. Kwenye pembe. Chini ya ukingo. Kwenye vichwa vya ribiti. Na hii rangi ya chungwa ni kutu ya juzi. Kutu nzee ni nyeusinyeusi, kama kahawa iliyoungua. Ile changa unaiona palipogongwa leo tu, mlangoni, pale wapakiaji wanapopiga koleo."

"Na huku chini?"

"Chini ni vumbi la breki. Rangi ya tofali. Linapanda kwenye magurudumu mpaka hapa, halipandi zaidi ya hapa."

Aliongea mpaka chakula kikaungua, na walikila hivyohivyo, bila mtu kukaribisha mwenziwe.

Tangu siku hiyo nyumba ikabadilika. Fundi akitoka kazini anamkuta mzee ameshafungua madirisha ya chumba cha nyuma na kupanga behewa la siku hiyo juu ya gazeti. Yeye alijua kupaka, mzee alijua wapi. Behewa la saruji alitaka liwe na michirizi ya kijivu chini ya vifuniko, tena migumu, kwa sababu saruji ikinyeshewa inaganda hapohapo. Behewa la mafuta liliangaza palipomwagika na kufubaa kwingine kote. Siku ya behewa la ng'ombe, fundi aliomba chumvi.

"Chakula kimepungukiwa?"

"Ni ya behewa, baba." Alilowesha ubavu uliopakwa rangi ya kutu, akaunyunyizia chumvi ya mawe, akaacha ikauke, akapaka rangi ya kijani juu ya vyote. Ilipokauka aliisugua chumvi kwa kidole. Ikatoka na rangi iliyoifunika, na chini yake kutu ikachungulia kwa mabaka, kingo zake zimechanika kama kwenye bati la kweli.

Gadi alipigwa na butwaa. Kisha akasema, "Usitie chumvi sana. Watasema tunapiga chuku."

Muuguzi wa mazoezi alishangaa jinsi mguu ulivyokuwa unapona. Hakujua kwamba mgonjwa wake anasimama saa mbili kila jioni bila kuhisi, kwa kubishania rangi ya grisi.

Mabehewa ya mizigo yalipokaribia kwisha, fundi aliinua macho kwenye rafu ya juu. Huko palikuwa na mabehewa manne ya abiria, ya rangi ya damu ya mzee na malai, yamefunikwa kitambaa safi. Aliteremsha moja, akaliweka kwenye gazeti, akachovya brashi.

"Hayo hapana."

Sauti hiyo hakuwahi kuisikia. Haikuwa kubwa, lakini brashi ilisimama hewani.

"Samahani, baba, nilidhani..."

"Rudisha."

Alirudisha. Akafunika kitambaa kama alivyokikuta, akaosha brashi, akaenda jikoni. Wakarudi kwenye ile adabu ya mwanzo, ila safari hii ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa kila mmoja alijua wanachokosa. Fundi alijipekua moyo asione kosa. Alifikiri labda amejisahau, amezoea mno nyumba ya watu.

Siku ya nne, Jumamosi asubuhi, Gadi alimwita. Alikuwa amekaa kitandani kwake, mikono juu ya magoti.

"Kaa, mama." Fundi akakaa kwenye kiti. "Mumeo alikwambia mama yake alifanya kazi gani?"

"Alisema alikuwa reli."

"Reli." Gadi alitikisa kichwa, si kwa hasira. "Marehemu alikuwa muosha mabehewa ya abiria. Miaka ishirini na sita. Treni inaingia yadi imetapakaa masizi na tope la nchi nzima, wao wanaipokea na ndoo na brashi. Alikuwa anarudi hapa mikono imepasuka kwa sabuni. Namkanda na mafuta, asubuhi anaipeleka tena kwenye maji. Sasa uchafu ule, aliotumia umri wake kuutoa, nikae mimi nimrudishie? Siwezi. Ningekwambia siku ileile, badala yake nikakugombeza bure. Nisamehe."

"Hapana, baba, hakuna cha kusamehe. Tuyaache yalivyo. Yanapendeza safi."

Alisema kweli, na kwa upande wake jambo lilikuwa limekwisha. Lakini hakuinuka. Ukutani, juu ya kichwa cha mzee, kulikuwa na picha ya mwanamke mwenye uso wa mviringo, ametazama pembeni kama kuna mtu anamwita. Kila siku fundi alifuta vumbi kwenye kioo chake, na hakuna alichokuwa anakijua juu yake zaidi ya kioo hicho.

"Baba," alisema, "mimi sikumwona hata siku moja. Alikuwa anaoshaje?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Gadi swali hilo. Watu walikuwa wamemuuliza aliugua nini, alizikwa wapi. Mzee alifikiri, kisha mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe.

"Alikuwa mfupi. Hata kazini walimwita Mfupi, akawa anaitika. Sasa ile brashi ina mti mrefu, lakini ikilowa inakuwa nzito kama nguzo. Alikuwa anaanza chini ya dirisha, anapiga nusu duara, hivi, kushoto kwenda kulia. Anasogea hatua moja, anapiga nyingine. Juu anaruka." Gadi akatabasamu. "Anaruka kweli, na ndala zake. Anafika juu ya dirisha vidole vinne hivi, basi. Kutoka hapo mpaka kwenye paa masizi yanabaki. Msimamizi akigomba, anamwambia, lete ngazi. Ngazi haikuletwa miaka ishirini na sita."

Fundi alicheka, mzee naye akacheka.

"Mimi nikipita na treni ya mizigo, reli kuu inapita kando ya yadi pale, nilikuwa najua behewa alilolipitia yeye. Maji yakikauka unaziona zile nusu duara, moja imelalia nyingine, kama magamba ya samaki. Na chini michirizi, maji machafu yaliyodondoka kwenye brashi. Wengine walikuwa wanaosha vizuri zaidi. Lakini wake nilikuwa naujua tangu mbali."

Mkono ulikuwa bado uko hewani. Aliutazama kama wa mtu mwingine, akaushusha.

"Lete lile behewa," alisema.

Walikubaliana hivi: fundi atapaka, mzee hatakuwepo. Gadi alikwenda kukaa sebuleni na redio. Fundi alilichafua behewa la abiria jinsi walivyofundishana, masizi mazito juu yanayopungua yakishuka, tope la rangi ya udongo chini ya ngazi, vumbi la breki kwenye magurudumu, ukungu wa kijivu juu ya yote. Mpaka madirisha yalikuwa hayaonyeshi. Lilitia huruma. Alilibeba juu ya sinia, akaliweka mbele ya mzee pamoja na kikombe kidogo cha spiriti na brashi bapa, fupi, pana kama ukucha.

"Mimi nimemaliza," alisema. "Sasa wewe uoshe, baba. Kama yeye."

Gadi alizima redio. Alichovya brashi, akaikamua ukingoni mwa kikombe. Nusu duara ya kwanza ilitoka nyembamba mno. Rangi ya damu ya mzee ikatokea chini ya uchafu, ya kweli, iliyofifia. Ya pili ilitulia. Alikuwa anasogea hatua kwa hatua, dirisha kwa dirisha, na fundi alilishika behewa kwa ncha za vidole asimzibe mwanga. Juu ya madirisha brashi ilipanda kidogo, ikaruka, ikaacha alama fupifupi zisizolingana. Tone moja la uchafu lilishuka mpaka kwenye ngazi. Fundi alinyoosha kitambaa.

"Liache," Gadi alisema. "Ndilo lenyewe."

Alipofika mlango wa mwisho alisimama, akapaosha mara mbili. "Mlangoni alikuwa anarudia. Alisema mtu amevaa gauni lake la safari, kwa nini alichafue hapa."

Behewa lilikauka mbele yao, na jinsi lilivyokauka ndivyo yale magamba ya samaki yalivyojitokeza. Upande wa pili Gadi hakuujua. Waoshaji walikuwa wanakwenda wawiliwawili, mmoja kila upande, naye macho yake yalikuwa hayafiki huko. Fundi aliupangusapangusa kidogo tu kwa kitambaa, akauacha.

Wiki iliyofuata alikuja mgeni na mfuko wa machungwa. Alikuwa mama mrefu kuliko mlango, ameinama kidogo mabegani kama watu warefu wanavyozeeka. Alikuwa amekwenda kumuuguza bintiye mbali, habari za nyonga amezipata juzi.

"Shemeji," alisema hata kabla hajakaa, "miaka thelathini na moja treni ilishindwa kukuangusha, ukaja kuangushwa na sabuni."

"Twiga," Gadi alisema, na uso wake ukafunguka. "Mama, huyu ni Twiga. Alikuwa anaosha na marehemu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mkwe? Mfupi angekupenda. Una mikono ya kazi."

Walipokwisha kula machungwa, Gadi hakueleza kitu. Aliomba sinia liletwe. Twiga alitafuta miwani yake kwenye mkoba kwa muda mrefu, akaivaa, akaliinamia behewa.

"Mfupi," alisema.

Alilisema kama unavyomwita mtu aliye upande wa pili wa uwanja. Akagusa kwa ncha ya kidole zile alama fupi juu ya madirisha. "Hapa alikuwa anaruka. Nilikuwa namwambia, utaacha kisigino chako humu yadi. Jamani, jamani." Aliivua miwani, akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena, akatazama tena. Hakuna aliyemharakisha.

Kisha akaligeuza behewa.

"Na huu upande amefanya nani?"

"Mimi, mama," fundi alisema.

"Huu ulikuwa wangu." Twiga aliwatazama mmoja baada ya mwingine juu ya miwani. "Mmenipakazia mchana kweupe. Mimi na huu mkono nilikuwa nafika mpaka kwenye mfereji wa paa. Mtu akiona hivi atasema Twiga alikuwa analala kazini."

Gadi alicheka mpaka akashika nyonga yake. Fundi aliona aibu ikimpanda masikioni. "Nitaurekebisha, mama. Sikujua. Nilidhani mlikuwa mnabadilishana pande."

"Tubadilishane wapi? Mwenzangu upande wa reli kuu hakubanduka."

"Upande wa reli kuu ndio wa jua la mchana," Gadi alisema.

"Si ndiyo nakwambia. Jua lile linakaanga utosi. Mimi nimekaa kivulini miaka yote kwa hisani yake. Mwanzoni nilidhani ananionea huruma kwa sababu ya presha yangu. Nikamwambia tupokezane, wiki wewe, wiki mimi. Hataki. Siku moja nikambana, mwenzangu, una nini na hilo jua? Akaniambia, Twiga, huko kwako treni ya mizigo haionekani."

Nje mtu alikuwa anaburuta geti la jirani. Likafika mwisho, likanyamaza.

"Mimi nilidhani ni bahati," Gadi alisema polepole. "Kila nikipita yuko upande wangu. Nilikuwa nawaambia wenzangu, mimi nina bahati, mke wangu namwona njiani."

"Bahati gani, shemeji. Alikuwa anaisikia honi yenu kule kwenye kona, anaweka brashi chini, anafuta uso, anavuta kitambaa chake vizuri. Behewa la kwanza linapita, la pili linapita, yeye kasimama tu na ndoo kama hana habari. Mpaka lako la mwisho."

"Mbona hakuniambia?"

"Ulimuuliza?"

Gadi alifikiri. "Hapana."

"Basi."

Mzee alilichukua behewa, akaliweka kwenye goti lake zima, ule upande wenye magamba ukiwa juu. Fundi hakujua pa kutazama. Mikono yake ilitaka kazi, na kazi aliyoijua ilikuwa moja tu, kwa hiyo akasema, "Baba, basi upande wake tuupaushe kidogo zaidi. Kwa sababu ya jua."

Gadi alitikisa kichwa. "Mabehewa yanageuzwa, mama. Leo upande huu, kesho ule. Jua haliwezi kula upande mmoja wa behewa." Alipitisha kidole gumba juu ya mlango uliooshwa mara mbili. "Ni yeye aliyekuwa hageuki."

Fundi aliinuka kwenda kuchemsha chai, akasimama jikoni muda mrefu kuliko birika lilivyohitaji.

Mumewe alipopiga simu kesho yake, alimweleza yote, jua, honi, na ndoo.

"Mimi nilikuwa nasema alikuwa reli," mumewe alisema. "Shuleni, kazini, hata kwako. Nilikuwa naona haya kusema anaosha."

"Najua."

"Nipigie picha huo upande. Nitumie leo."

Upande wa Twiga ulichukua Jumamosi tatu, kwa sababu mwenyewe haridhiki. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha la chumba cha nyuma, akasimamia kila mpigo. Alitaka mipigo yake iwe mirefu, iliyonyooka, kutoka kwenye mfereji mpaka kwenye ngazi bila kukatika. Fundi alipopinda kidogo aliambiwa alichafue tena, aanze upya. Gadi, ambaye sasa alitembea na fimbo moja, alisema hata msimamizi wa yadi hakuwa mkali hivyo. Miezi ambayo daktari alisema mzee asiishi peke yake ilikuwa imekwisha, fundi angeweza kufungasha arudi kwake, lakini hakuna aliyeleta habari hiyo, wala yeye hakuikumbusha.

"Bado pale karibu na dirisha la choo," Twiga alisema. "Hapo. Sasa ndiyo mimi."

Gadi alilipeleka behewa kwenye reli zake mwenyewe, hatua kwa hatua, akaliunganisha nyuma ya injini. Kisha akainua kitambaa cha rafu ya juu, akateremsha la pili, jipya kabisa, linang'aa, akaliweka kwenye gazeti.

"Na hili, Twiga? Hili mliliosha siku gani?"

Twiga alivaa miwani, akalitazama kwa makini sana.

"Hilo ni la siku ya mvua kubwa," alisema. "Hilo hatukuliosha. Tulikaa chini ya paa la karakana, mimi na Mfupi, tukapiga soga mpaka saa ya kutoka."

Gadi alimtazama mkwewe. Fundi alikuwa ameshafungua kopo la rangi ya tope.

"Tope lilifika wapi, mama?" aliuliza. "Nionyeshe."